Kabla Hujainunua Bastola Kuukuu ya Shabaha

Ukisafiri kwa basi kutoka Shinyanga kwenda Mwanza utapita Maganzo, mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu uliojinyoosha kando ya barabara kuu, jirani kabisa na mgodi wa almasi wa Mwadui. Huko ndiko anakoishi shemeji yangu, mwalimu mstaafu, na huko ndiko nilikokutana na habari ninayotaka kukusimulia leo.

Jirani yake, mama mjane, alikuwa akitafuta cheti cha kuzaliwa cha binti yake ndani ya sanduku la bati la marehemu mumewe. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha flana, akakuta bastola. Kando yake palikuwa na leseni yenye jina la marehemu, pamoja na kisanduku cha risasi ndogo ndogo, nyembamba kuliko hata kalamu ya risasi aandikiayo mtoto wa shule. Mama yule alijua kwamba mumewe alipata kumiliki silaha, lakini alidhani ilikwisha kuondoka nyumbani zamani. Kumbe kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja tangu mazishi, watoto walikuwa wakilala juu ya kitanda ambacho chini yake pana sanduku hilo, na ufunguo wake ukining'inia msumarini, mahali ambapo kila mtu aliuona.

Binti alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano. Mahitaji yalikuwa mengi na fedha zilikuwa haba. Mwalimu naye, ambaye alijifunza kulenga shabaha ujanani alipokuwa Jeshi la Kujenga Taifa, na ambaye tangu hapo hajaacha kuuzungumzia mchezo huo, aliposikia habari za bastola ile hakulala. Alikwenda kwa shemeji yake, maana ndivyo amwitavyo mke wa rafiki yake marehemu, akaitazama, akaipenda. Bei ikatajwa, ikapunguzwa, ikakubaliwa. Kilichobaki ni shahidi wa kutia sahihi kwenye karatasi ya mauziano, na kwa kuwa mimi nilikuwa mgeni pale nyumbani, heshima hiyo nilipewa mimi.

Niliomba wanipe siku moja. Nakiri kwamba Mwalimu alininunia chakula cha jioni kizima.

LESENI HAIRITHIWI

Watu wawili wale walikuwa waungwana, wala hapakuwa na nia mbaya hata kidogo. Waliichukulia bastola kama baiskeli ya marehemu: mwenye nayo amefariki, mke amerithi, jirani ananunua. Lakini silaha haiko hivyo. Leseni hupewa mtu, na mtu huyo akifariki leseni yake imekwisha. Kuanzia siku hiyo, yeyote anayeiweka silaha ile nyumbani, hata kama hajui risasi inaingilia wapi, anakuwa anaiweka bila idhini. Sheria inayotuongoza ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991, na adhabu zake si za mchezo. Muuzaji, mnunuzi, na huenda hata shahidi aliyeweka sahihi yake kwa madaha, wote wangejikuta wakijibu maswali mazito.

Nakuomba msomaji, hasa wewe mama au baba ambaye ndugu yako aliyefariki alimiliki silaha, utulie hapa kidogo. Ukiikuta bastola au bunduki sandukuni, usiitie kwenye kikapu ukapanda nayo pikipiki kwenda kituoni. Usiijaribu kuona kama ni nzima. Waondoe watoto chumbani, funga mlango, uende kituo cha polisi na leseni ya marehemu ukaeleze, ili maofisa waje kuichukua au wakuelekeze la kufanya. Usiogope kwamba umechelewa, kwani kila siku unayoongeza ndiyo inayokuharibia. Serikali imepata kutoa vipindi vya msamaha, kama kile cha Septemba na Oktoba 2023, ili wenye silaha zisizo halali wazisalimishe bila kushtakiwa. Na miongoni mwa waliokuwa wakikumbushwa ni warithi wa namna hii hii. Vilevile mwaka 2016 palifanyika uhakiki wa silaha nchi nzima, ambapo wamiliki walitakiwa kuzipeleka zikaguliwe na kuandikishwa upya. Marehemu wetu alikuwa amehakikiwa. Karatasi zake zilikuwa safi, na usafi huo ulimsaidia sana mjane wake.

Je, mtu mwingine hawezi tena kuimiliki? Aweza, lakini ni lazima aanze mwanzo, kwa jina lake mwenyewe. Maombi huanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji wanaomjua mwombaji na mwenendo wake, hupitia kamati za ulinzi na usalama, na Polisi ndio wenye kuchunguza na kutoa uamuzi. Huulizwa unaitakia nini, utaiweka wapi, na kama akili na tabia zako zinaruhusu. Safari hiyo ni ndefu, na kwa maoni yangu yafaa iwe ndefu. Silaha yenyewe husubiri mikononi mwa Polisi, si chini ya kitanda cha mtu yeyote.

Basi asubuhi yake tuliongozana sote watatu kituoni. Ofisa aliyetupokea alimsikiliza Mama kwa upole, akatuma askari wawili wakaja nyumbani, wakaifungua, wakahakikisha haina kitu ndani, wakaandika namba zake. Mwalimu alisimama mlangoni akiitazama ikiondoka kama mtu anayesindikiza mgeni wake stesheni.

NI CHOMBO CHA NAMNA GANI?

Pengine unajiuliza kilichomvutia Mwalimu ni nini. Bastola ile ilitengenezwa Marekani na kampuni ya High Standard, ambayo kiwanda chake kilifungwa mwaka 1984. Mtutu wake ni mrefu kuliko wa bastola za askari, mpini wake wa mbao umechongwa ufuate kiganja, na risasi zake ni zile ziitwazo "pointi ishirini na mbili", zenye upana wa kiasi cha milimita 5.6 na uzito wa kipande cha risasi usiofika gramu tatu.

Risasi hizi zina tabia yake. Katika risasi kubwa, dawa ya kuwashia baruti imo ndani ya kidonge kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Katika hizi ndogo, dawa imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako, kandokando, na pini ya bastola hugonga ukingo huo. Ni ufundi wa kale. Mfaransa Flobert alizianza risasi za jinsi hiyo katika miaka ya 1840 kwa ajili ya watu waliopenda kulenga shabaha ndani ya kumbi za nyumba zao huko Paris, na hii ndefu tunayoizungumzia ilitoka Marekani mwaka 1887. Ganda lake likishatumika limekwisha, halijazwi tena. Lakini bei yake ni ndogo kuliko ya risasi nyingine, mlio wake si wa kutisha, na teke lake ni dogo mno hata mkono hauhofu. Kwa sababu hizo tatu, mtu anayetaka kujifunza kulenga hasa, badala ya kupiga makelele, huanza nayo, na wengi hubaki nayo maisha yote.

Sasa nisikilize vizuri. Bastola ya shabaha si ya kujilinda. Nalisema hili kwa sababu Maganzo ni mji wa almasi. Wapo wanunuzi wanaotembea na fedha na mawe mifukoni, na hofu ya majambazi si ya kubuni. Mtu mwenye hofu akisikia bastola kuukuu inauzwa, huona amepata ngao. Amekosea. Kifyatulio cha bastola hizi hufanywa chepesi makusudi. Katika mashindano ya kimataifa ya meta 25 kiwango cha chini ni gramu 1,000, yaani mfuko mmoja wa sukari ukining'inizwa kwenye kidole. Chombo kama hicho kukitia mfukoni au chini ya mto ni kuuita msiba. Isitoshe, kipande kile kidogo cha risasi kikirushwa juu ovyo chaweza kwenda zaidi ya kilometa moja na nusu. Fikiria kilometa moja na nusu kutoka ua wa nyumba yako Maganzo: nyumba ngapi, ng'ombe wangapi, wabeshi wangapi walioinama wakichekecha changarawe wakitafuta riziki?

Wala mlio wa silaha si jambo la mzaha katika vijiji vile. Mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi katika mgodi wa Mwadui, ilifikia mapatano ya pauni milioni 4.3 na wadai 71 waliokuwa wamefungua madai Uingereza, wakilalamikia vifo na majeraha katika shughuli za ulinzi wa mgodi. Mapatano yalifikiwa bila kampuni kukiri dhima ya kisheria. Mahali ambapo watu wamepitia hayo, mtu mwungwana hafyatui risasi uani ili kufurahisha wageni.

KUIKAGUA

Kwa ruhusa ya ofisa, na mbele yake, Mwalimu alipewa nafasi ya kuikagua bastola ile kabla ya kuamua kama ataanza safari ya maombi. Hapo ndipo nilipouona Umaganzo wake. Alikuja na kikuza cha almasi alichoazima kwa jirani, kile kidogo cha kukuza mara kumi ambacho mnunuzi hukibana jichoni akitafuta ufa ndani ya jiwe. Kwa karne ya ishirini karibu yote iliyobaki tangu Daktari Williamson agundue almasi Mwadui mwaka 1940, watu wa pale wamezoea kukitazama kitu kidogo kwa muda mrefu kabla ya kukitolea fedha. Ni tabia inayofaa sana kwa bidhaa hii.

Jambo la kwanza alilolitazama si mtutu, bali namba. Namba iliyochongwa kwenye chuma ifanane herufi kwa herufi na ile ya kwenye karatasi. Ukikuta imeparuliwa, imepigiliwa upya au imepakwa rangi nzito, usiulize bei. Ondoka, na utoe habari.

Kisha ndipo utazame ndani ya mtutu, silaha ikiwa imethibitishwa tupu na aliyekushikia, na kuthibitishwa tena na wewe mwenyewe. Utaona mifereji inayozunguka kama uzi wa parafujo. Hiyo ndiyo inayoipa risasi mzunguko ili iende wima. Mifereji iwe na kingo kali na ing'are. Vidoa vyeusi vilivyozama ni kutu iliyokwisha kula chuma, na hakuna mafuta yatakayorudisha kilicholiwa. Utando wa kijivu, kinyume chake, mara nyingi ni mabaki ya madini ya risasi tu, nao hutoka kwa brashi na subira. Wanunuzi wengi hushindwa kutofautisha mambo haya mawili, wakaiacha nzima na kuchukua mbovu.

Kuna ugonjwa mwingine wa bastola hizi usioonekana haraka. Nimekwisha kukueleza kwamba pini hugonga ukingo. Sasa mtu akizoea kufyatua bastola tupu, kwa mchezo, katika nyingi za zamani pini hukosa ganda la kugonga ikagonga mdomo wa chumba cha risasi chenyewe. Mdomo huo hupata kovu, na kovu likikua, maganda hukwama na risasi nyingine hukataa kulipuka. Mwalimu aliona kovu dogo, saa tatu juu ya duara kama la saa, akanyamaza. Alipomaliza alinong'ona kwamba marehemu alikuwa na desturi ya kuifyatua tupu jioni akisikiliza taarifa ya habari.

Magazini nayo usiidharau. Midomo yake ikipinda kidogo tu, risasi hupanda vibaya, na kwa kuwa kiwanda kilikwisha kufungwa, magazini ya kubadilisha haiuzwi dukani Shinyanga wala Mwanza. Springi huchoka, lakini fundi aliyeidhinishwa aweza kuishughulikia. Mpini ukipasuka si hoja, mti haukosekani. Kilichobaki ni kifyatulio: kizuri hukatika mara moja kama ncha ya kioo chembamba, bila kukwaruza; kibovu hujikokota. Kikiwa chepesi kupita kiasi, au silaha ikijiachia yenyewe kwa kugongwa kiganjani, basi amewahi kuichezea fundi wa uchochoroni, nayo ni ya hatari.

Hesabu pia gharama ambayo muuzaji hakutajii: kasha la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, risasi zikiwekwa mbali na bastola, ada, nauli, na risasi zenyewe, ambazo nazo hununuliwa kwa kibali. Nilipozijumlisha pamoja na Mwalimu zilipita bei ya bastola, naye akaomba tuhesabu tena.

RAHA YENYEWE

Baada ya maonyo yote hayo waweza kuniuliza kama kweli kuna raha. Ipo, nami nimeionja mara moja, nilipokuwa mgeni katika uwanja wa shabaha wa Kirigiti, Kiambu, nchini Kenya, nikisimamiwa na mwalimu wa uwanja ambaye hakuniondolea macho.

Unasimama ubavu kwa shabaha, miguu imetanuka kiasi, mkono mmoja umeunyoosha na mwingine umeutia mfukoni. Karatasi iko meta 25 mbele yako, na duara la kumi, lile la katikati, lina upana wa sentimeta tano, sawa na mdomo wa kikombe cha kahawa cha pwani. Unapumua, unashusha nusu ya pumzi, unazuia. Hapo ndipo unapogundua kwamba mwili wako haujapata kutulia hata siku moja tangu ulipozaliwa. Moyo unapiga na mtutu unaitika. Alama ya mbele inaelea, inapanda, inashuka. Ukiharakisha kuikamata, umekosa. Kidole hakina budi kuvuta polepole kana kwamba hakina habari na jicho linaloona nini, na mlio ukushtue wewe mwenyewe. Risasi zangu kumi za kwanza zilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Ilipofika ya arobaini nilikuwa nimesahau deni, kazi, na safari ya kurudi.

Mchezo huu umezaa watu wa ajabu. Károly Takács, askari wa Hungaria, alivunjwavunjwa mkono wake wa kulia na bomu la mkono mwaka 1938. Alijifundisha kwa siri kutumia wa kushoto, akatwaa medali ya dhahabu ya bastola katika Olimpiki ya London mwaka 1948, na tena Helsinki mwaka 1952. Na huko Urusi, Mikhail Margolin, aliyepoteza macho akiwa kijana jeshini katika miaka ya 1920, alibuni bastola ya shabaha ya risasi hizi hizi ndogo kwa kupapasa vidole juu ya vielelezo. Bastola hiyo ikatengenezwa kwa wingi Izhevsk na kushinda mashindano ya dunia mikononi mwa wengine. Mwalimu alipoisikia habari ya huyu wa pili hakuiamini, mpaka nilipomwapia.

Kwetu Tanzania kulenga shabaha kumekuwa zaidi mchezo wa majeshi, nao umo katika michezo yao ya kila mara. Raia wa Maganzo hana uwanja wake wa kwenda jioni kama aendavyo kwenye bao au vishale. Hivyo anayetaka kununua na ajiulize mapema atailengea wapi, mahali penye idhini, penye kingo ya udongo na msimamizi. Asiye na jibu la swali hilo atakuwa amenunua chuma cha kupaka mafuta.

Mwalimu, licha ya kovu lile, amewasilisha maombi yake. Mkewe alikubali kwa sharti moja, kwamba kasha la chuma likaguliwe na yeye kwanza, na ufunguo usining'inie popote. Kuhusu mahitaji ya binti, Mama hakupata fedha za bastola. Alisaidiwa na wanawake wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa, na Mwalimu akanunua godoro na ndoo, kwa ubishi mkubwa kutoka kwa Mama.

Nilipopita tena Maganzo, majibu ya Polisi yalikuwa bado. Nilimkuta uani wakati wa magharibi, amesimama ubavu, mkono mmoja mfukoni, wa pili ameunyoosha mbele akiwa ameshika jiwe la mizani la kilo moja aliloazima sokoni, jicho limeelekezwa kwenye msumari wa mlango wa banda la kuku. Wajukuu wawili walikuwa wamekaa kwenye kigoda kimoja wakihesabu kwa sauti. Mwezi uliotangulia mkono ulikuwa ukianza kutetemeka kwenye kumi na tatu. Jioni hiyo walifika ishirini na saba, wakazozana kama ishirini na sita ilirukwa, na babu akaambiwa aanze upya.